Habari Niliyompelekea Mzee Hai

Barafu nzuri haina rangi. Ukiliinua bonge lake juani unatakiwa uvione vidole vyako upande wa pili, na kama umevaa pete, uione na pete. Ikiwa na weupe katikati, basi jua fundi wake alikuwa na haraka, au alikuwa mvivu, au alikuwa mimi katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi.

Nawaambieni haya nyinyi vijana wa amali mnaosomea majokofu, kwa sababu juzi nilikusikieni barazani mkiulizana mzee Kombo alifanya kazi gani hasa, na mmoja wenu akajibu, "Alikuwa akiuza barafu." Wallahi roho iliniuma. Sikuuza barafu mimi. Waliouza walikuwa wengine, wakikaa mlangoni na kalamu sikioni. Mimi nilikuwa naitengeneza, pale kwenye kiwanda chetu kidogo upande wa Wete, tangu ndevu hazijaniota vizuri mpaka siku mashine yenyewe ilipotutoka. Na kwa kuwa kila mkija hapa mnanighasi nikupeni habari za Japani, za watu wanaoteleza milimani na kuoga maji yanayochemka yenyewe ardhini, leo nitakupeni yote mawili kwa pamoja. Hayaachani. Aliyenifundisha barafu ndiye aliyenitia kwenye maji moto.

Alikuja kwetu miaka ile ya foleni za sukari, yeye na makasha yake ya mashine. Mimi wakati wa Mapinduzi nilikuwa mtoto wa chuoni, wa Kurani, na huyu alipokuja nilikuwa kijana nisiye na kazi, nikachukuliwa kubeba makasha. Jina lake halisi lilikuwa Taniguchi, lakini nani Wete angehangaika nalo? Kila ulichomwambia alijibu, "Hai!" na kichwa akakiinamisha. Ukimwambia chai tayari, hai. Ukimwambia mvua inakuja, hai. Wavuvi wa kisiwa cha Fundo walioleta mashua zao kutazama mashine wakashangaa. Mmoja akaniuliza, "Kombo, huyu bwana kila akisemeshwa asema yu hai. Kwani nani kamwambia kafa?"

Basi likamganda, Mzee Hai, ingawa nywele zake siku hizo zilikuwa nyeusi kuliko zangu. Baadaye tukajua kwamba kwao neno lile ni "ndiyo", na mara nyingine wala si ndiyo, ni "nakusikia, endelea". Alipoelezwa maana yake kwetu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akawa anajitambulisha mwenyewe kwa wageni, "Mie Mzee Hai, sijafa."

Na alisema hivyo hivyo, "mie". Kiswahili chake hakukipata skuli. Alikipata kwenye chumba cha mashine na gatini, kwa hiyo kilikuwa Kipemba kitupu. Maofisa wakitoka Unguja kuja kukagua, wakitaraji kuzungumza naye kwa mkalimani, wanamkuta ananifokea, "Kombo, nkono wako nchafu, kaoshe!" Wakirudi kwao wanakuwa na hadithi ya mwezi mzima.

Somo lake la kwanza lilikuwa bisibisi. Aliichukua ndefu, ncha yake akaigusisha kwenye mwili wa kompresa, mpini akautia sikioni, akafumba macho. Akanipa na mimi. Nikasikia kelele tu. "Nini wasikia?" "Kelele, Mzee." "Rudi tena." Nilirudi siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima, mpaka kelele ile ikaanza kuachana: huku vali zinapiga, huku mafuta yanazunguka, huku beringi inanung'unika. Nyinyi leo mna vyombo vya kupimia vyenye namba, na ni vizuri, sivikatai. Lakini namba hukwambia mashine imeharibika. Sikio hukwambia mashine inataka kuharibika. Hapo katikati ndipo ulipo mshahara wa fundi.

Somo la pili lilikuwa kungoja. Maji matamu tunayatia kwenye makopo marefu ya bati, makopo tunayazamisha kwenye birika la maji ya chumvi yaliyopozwa, ambayo kwa ajili ya chumvi yake hayagandi. Barafu huanza ubavuni mwa kopo na kuja ndani polepole. Kiini ndicho cha mwisho kuganda, na humo ndimo uchafu na hewa yote hukimbilia. Kwa hiyo unakipulizia hewa kiini, unakifyonza, unatia maji mapya, unangoja tena. Sasa ikaja siku ya kuamkia Idi. Mashua zimejaa, watu wanapiga kelele, na mimi nikayatoa makopo mapema. Nje barafu, ndani maji. Bonge likivunjwa ni bomba tupu. Siku ya pili ya Idi nahodha mmoja wa Fundo akanijia nyumbani amebeba jodari mzima. "Fundi, zawadi yako hii." Nikafurahi, nikamwita na mke wangu, mpaka nilipoinama kumnusa yule jodari. Nahodha aliaga akaenda zake. Mzee Hai aliposikia hakunifokea. Alisema tu, "Sasa pua pia ishasoma."

Na la amonia, ile gesi ya kupozea, msilisahau hata mkisahau mengine yote. Ikivuja, mtu mwenye akili nzuri kabisa hukimbilia upepo unakokwenda, maana miguu humpeleka huko yenyewe, na gesi humfuata nyuma. Mimi nilifanya hivyo. Mzee Hai alinikamata ukosi wa shati, akanigeuza kama mbuzi, akanisukuma kuukabili upepo, kitambaa kibichi puani. Tulipotoka nje akanikalisha chini akawa ananifuta macho kwa maji, huku anatukana kwa Kijapani. Nilimpenda tangu siku ile, na sioni haya kulisema.

Alikaa nasi miaka, akafunza watu, akaondoka. Siku ya kumuaga tulimpa kikoi cha Kipemba kizuri. Lakini salamu zake hazikukatika. Kila mgeni wa Kijapani aliyepita Wete, awe wa mradi wa barabara, awe wa mradi wa maji, alikuja kutuuliza, kwa Kiswahili cha kukariri, "Mashine yalia vyema?" Hajui anauliza nini, katumwa tu. Nasi tunamjibu, "Mwambie yalia vyema." Na ilikuwa kweli. Ililia vyema miaka mingi. Samaki wa Fundo alifika Konde sokoni macho yake bado maangavu, na watoto wangu wote walisoma kwa sauti ya mashine ile.

Kisha ikaanza kuzeeka. Vipuri vyake vikawa havitengenezwi tena popote. Tukachonga wenyewe, tukaunga, tukafunga kwa waya, mpaka mwili wa kompresa ukapasuka ufa ambao hakuna uchomeleaji ulioukubali. Ilikaa kimya muda, watu wakija kuitazama. Halafu ukatoka uamuzi ikatwe iuzwe chuma chakavu, kwani mashine ndogo za kisasa zilikwishaletwa kwengine. Sikuwa na hoja ya kukataa. Wakaja na moto wao wa gesi wakaikata mchana kweupe. Mimi na fundi mkuu wangu, Mzee Faki, tulisimama pale mpaka kipande cha mwisho kikapakiwa. Watu wakasema, "Maskini wavuvi, watafanyaje?" Na walisema kweli. Mimi nikahamishiwa kwenye viyoyozi vya maofisini.

Miezi haikupita mingi nikaambiwa nimechaguliwa kwenda Japani kujifunza vyumba vya baridi. Habari ilienea Wete yote, na furaha yangu ilikuwa nusu. Maana nilijua Mzee Hai akisikia nipo nchini kwake ataniita kwake, na akiniita ataniuliza lile suali lake, na safari hii hakuna mjumbe wa kumtupia jibu. Mjumbe mimi.

Mzee Faki aliniambia waziwazi, "Mwambie. Ntu akifiwa huambiwa."

Mke wangu, Bi Asha, alikuwa akinikunjia nguo. Akasema, "Baba Mariyamu, usimwambie mzee wa watu. Yu mbali, kazeeka, atafanyani nayo habari hiyo zaidi ya kutia kihoro? Kwani yaozea nkononi? Iweke."

Wote wawili niliwaona wana haki. Nikasafiri na maneno yao, la huyu sikio la kulia na la huyu sikio la kushoto, na kule kwenye mafunzo nikawa nalala nalo, naamka nalo: nimwambie, nisimwambie. Kama nilivyotaraji, salamu zikanifikia. Mzee Hai anasema niende kijijini kwake siku za mapumziko, tena ametaja siku anayoitaka yeye, isiwe nyengine.

Nilipanda treni, kisha basi. Basi likapanda milima, na nje kukawa kweupe, kweupe mpaka macho yakauma. Kiswahili kina neno theluji, lakini Pemba nani alilitumia? Kwetu ilikuwa barafu tu. Na mimi fundi barafu, miaka yote ile, nikajidai moyoni kwamba nakwenda kuona kitu ninachokijua. Nikashuka, nikachota fumba la mkono, nikalitazama. Jeupe lote. Hewa tupu. Ulimi ukanitoka kabla ya akili: "Nani kaifanya hii kwa haraka namna hii?" Papo hapo nikasema astaghfirullah, nikaitupa chini. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, maana mbele yangu, katikati ya theluji ile, mitaro ya barabarani ilikuwa ikitoa mvuke. Maji ya moto yalikuwa yakipita uchochoroni bila ya kuni wala boila, na bibi mmoja ameinama kwenye kisima kinachochemka akichemshia mboga.

Mzee Hai alikuwa kituoni na binti yake, Bi Haruko, mwenye nyumba ndogo ya wageni wanaokuja kuteleza. Loo, alikuwa amepungua. Yule mtu aliyenikamata ukosi akanigeuza, sasa alinifikia begani. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, hakuuachia.

"Mzee, hujambo? Hali yako?"

"Baridi, e? Vaa kofia."

"Bi Asha akusalimu sana, Mzee."

"Hai, hai. Chai ipo nyumbani."

Nikajisemea, maskini, lugha imemtoka. Nami nikashusha pumzi kidogo. Huenda hata lile suali limemtoka.

Kabla ya yote akanipeleka kuona mlima. Kuna viti vinavyoning'inia kwenye waya, watu wanavikalia wanapandishwa mpaka juu, kisha wanashuka kwa miguu yao juu ya mbao mbili nyembamba, wanapinda huku na kule kama hawana mifupa. Wazee, wasichana, watoto ambao kwetu hawajatumwa dukani peke yao. Mzee Hai akaniazimia mbao. Nikakataa, akasema mtu akifika Pemba akakataa pweza amefika wapi? Nikavaa. Sikwenda mbali. Mbao moja ilikwenda Wete, moja Mkoani, na mimi nikakaa kitako baina yao. Mwalimu wa watoto akaja kunielekeza, akaanguka na yeye kwa kucheka. Mzee Hai machozi yalimtoka. Kwa muda ule nilisahau nilichokibeba, nikacheka kwa moyo wangu wote. Hicho ndicho kipande mnachokipenda, najua, na mkitaka nitakuonesheni na kovu la kiwiko.

Asubuhi ya pili nikajua kwa nini aliitaka siku ile. Kijijini kwao mabafu ni ya watu wote, nyumba za mbao zilizojengwa juu ya chemchemi, na kila nyumba ina zamu ya kusafisha. Siku ile ilikuwa zamu yake. Bafu linafungwa asubuhi, maji yanamwagwa, birika linasuguliwa, ndipo watu wafunguliwe. Kwa saa ile hakuna atakayeingia ila sisi. Kwao mtu huoga uchi, tena hata kitambaa kukitia majini ni kosa. Na mimi kitovu mpaka goti langu hajapata kuliona mwanamme mwenzangu tangu siku ya jando. Nilisimama pale penye vikapu vya nguo nimeshikilia mkanda wangu.

Mzee Hai akanikodolea. "Mficha uchi hazai," akasema.

"Sikuja kuzaa, Mzee."

Sijui kama alinielewa. Aliingia nyuma ya pazia, na alipotoka alikuwa amejifunga kikoi. Kile kile. Kimechakaa, rangi imekwenda, lakini amekifunga Kipemba, pindo kwa mbele, kama alivyofundishwa. Mkononi ana chengine, kipya, amekishonea nyumbani kwa kitambaa cha kwao. Akanitupia. "Maji haya yamwagwa sasa hivi," akasema. "Hatunkosei ntu."

Vijana wangu, nimefanyiwa wema mwingi duniani. Lakini mtu kuvunja ada ya kijiji chake mwenyewe, uzeeni, kwa siri, ili mgeni wake asione haya, hilo sijafanyiwa tena. Nikajifunga, tukaingia.

Kwao huingii majini mpaka uwe umeshaoga. Unakaa juu ya kigoda, unajisugua, unajimwagia, ndipo uzame. Mzee Hai akakaa, akanipa kitambaa, akanigeuzia mgongo. "Nisugue." Kumbe ndiyo heshima yao, mwana humsugua baba, mwanafunzi humsugua mwalimu wake. Sikulijua hilo. Mimi mgongo wa mzee niliopata kuuosha ulikuwa mmoja tu, wa baba yangu, na siku hiyo baba yangu alikuwa maiti. Mikono haikujua namna nyengine. Nikasema bismillahi, nikaanza upande wa kulia, nikamimina maji taratibu, nikapitisha kitambaa kwa upole, nisimuumize, nikamimina tena.

Mzee Hai akageuza shingo. Alikuwa ameshuhudia mazishi mengi Wete.

"Kombo," akasema. "Mie sijafa. Sugua!"

Tulicheka mpaka kigoda kikateleza. Nikamsugua sasa kwa nguvu, mpaka mgongo ukawa mwekundu, naye akiguna kwa raha. Na pale, baada ya kicheko, mbele yangu mgongo tu na si uso, nikapata ujasiri. Nikasema polepole, karibu kwa kunong'ona, kama inavyopelekwa habari ya msiba.

"Mzee, nina habari. Mashine yetu imekufa."

"Hai, hai," akasema Mzee Hai.

Nikaogopa nimesema vibaya. Nikarudia. "Imekufa, Mzee. Imekatwa."

"Hai, hai," akasema, na kichwa akakiinamisha kwa furaha, kama mtu anayesikilizishwa habari za harusi.

Basi nikajiambia, amepokea. Mtu mzima, ana subira, kwao huenda ndivyo wanavyopokea msiba. Mzigo ukanishuka mabegani. Nikachota maji, nikammiminia. Naye, mgongo bado amenipa, akasafisha koo na kuuliza kwa sauti yake ileile ya zamani:

"Na mashine, Kombo? Yalia vyema?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Lugha haikuwa imemtoka. Masikio ndiyo yaliyomtoka. Ya kofia, ya chai, yote alikuwa akibahatisha, anatazama mdomo wangu na kutia jibu linaloelekea. Miaka yote ile ndani ya vyumba vya kompresa, bisibisi sikioni, kelele zilikuwa zimemmaliza. Aliyenifundisha kusikia alikuwa hasikii. Na asingeweza kusoma mdomo wangu, kwa vile nimekaa nyuma yake.

Sitakufichieni, shetani alinijia vizuri sana. Aliniambia, umeshasema, tena mara mbili. Mungu anajua umesema. Mguse bega, mtikisie kichwa kwamba yalia vyema, mzee wa watu aoge kwa raha, na Bi Asha atakusifu. Kilikuwa kitu chepesi. Nilikaa na kata mkononi, maji yanamwagika kwenye sakafu, na yeye anangoja jibu, mgongo wake mwembamba umenyooka kwa kutaraji. Nikamuona vile anavyongoja. Hakuna mtu mwengine duniani aliyeuliza habari ya mashine ile kila mwaka, na huyu ndiye nimdanganye? Mficha maradhi kifo humuumbua. Akija mgeni mwengine kutoka Pemba akamwambia, atajua Kombo alikuja mpaka kwake, akamshika mgongo, akamficha.

Nikanyanyuka. Nikazunguka mbele yake, nikachuchumaa, macho yangu sawa na yake, nikapiga kelele mpaka mbao za bafu zikaitika.

"Mzee! Mashine yetu imekufa! Imepasuka, wameikata! Haipo tena!"

Alinitazama mdomo mpaka nilipoufunga. Safari hii hakusema hai. Aliweka mikono yake juu ya magoti, akatazama chini, na maji ya chemchemi yakawa yanaingia birikani tu, yanaingia tu. Nikajuta. Nikajiona nimemuua mzee kwa mdomo wangu.

Kisha akainua uso.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo!"

"Siku ya mwisho yazunguka, ulisikiliza?"

"Nilisikiliza, Mzee! Ilikuwa imechoka!"

Akakiinamisha kichwa, polepole. Akanitazama muda, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyepokea msiba wake. Akauliza, "Watu wakakupa pole?"

"Waliwapa pole wavuvi!"

"Wewe?"

Nikataka kumtaja mtu. Nikatafuta jina. Nikapita Wete yote kichwani, nyumba kwa nyumba, Faki, maofisa, jirani, hata Bi Asha wangu. Sikulipata. Wala mimi mwenyewe sikuwahi kuliona hilo mpaka saa ile. Nikapaza sauti, "Hakuna, Mzee!"

"Mie niliileta, nikenda zangu," akasema Mzee Hai. "Pemba akifa ntu, pole apewa nani? Apewa aliyekaa naye. Ulokaa naye wewe, Kombo. Mfiwa wewe. Pole, mwanangu. Pole sana."

Akachukua kile kitambaa, akakichovya, akakikamua. "Geuka," akasema. Nikageuka. Akaanza kunisugua mgongo, kwa nguvu, kama anayeondoa kutu. Nami nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, na kwa kuwa mwenzangu hasikii, nililia kwa sauti yangu yote.